TAHADHARI: Risasi za shotigani zinazouzwa bila boksi hapa Dar

Wakuu, wenye shotigani zenye leseni, hasa zile tulizorithi kwa wazee wetu, someni hii kabla hamjaenda shamba.

Wiki mbili zilizopita nilinunua risasi 25 za geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikipanda, upana unapungua) kwenye duka moja katikati ya jiji. Jina silitaji kwa kuwa suala nimelifikisha polisi. Muuzaji alizitoa kwenye mfuko chini ya kaunta, akasema boksi liliharibiwa na mvua. Eti ni kali kuliko za kawaida, nguruwe akipigwa hasogei. Maandishi ubavuni mwa risasi yalikuwa yamefutika. Mbili zilikuwa za njano na nyembamba kidogo; nilipouliza akanijibu, "Rangi tu hiyo, mzee wangu." Nikamwamini kwa sababu ya leseni iliyotundikwa ukutani.

Bunduki yangu ni ya marehemu baba, ya mitutu miwili, imetengenezwa Birmingham. Huko Mkuranga nguruwe pori wanatumalizia mihogo. Nilifyatua moja tu. Kitako kilinipiga bega nikapepesuka, kisha bunduki ikagoma kufunguka, nikaifungua kwa kuibana gotini. Ganda likatoka kwa taabu, mdomo umechanika nyuzinyuzi, na fataki yake, kile kitufe cha nyuma kinachowasha baruti, imebonyea mpaka ikawa bapa. Sikuweka nyingine.

Fundi bunduki alipima lile ganda: milimita 76. Kisha akaigeuza mitutu, akafuta grisi kwa kitambaa na kunionyesha alama ndogo sana chini yake: 2½. Hizo ni inchi, yaani chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, ni ile inayoitwa ya milimita 65.

Hapa ndipo wengi tunaponaswa. Urefu unaoandikwa kwenye risasi za shotigani ni wa ganda likishafyatuliwa na mdomo kukunjuka. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa, kwa hiyo risasi ndefu inaingia vizuri tu kwenye chemba fupi na bunduki inafunga. Usidhani kwamba kwa kuwa imeingia, basi ni yake. Ukifyatua, mdomo unakosa nafasi ya kukunjuka, unaziba njia ya marisau, na mgandamizo unapanda ghafla. Na risasi zenyewe tayari zina nguvu nyingi: kwa vipimo vya Ulaya, geji 12 ya kawaida ina kikomo cha mgandamizo wa baa 740, zile kali hufika 1,050. Tairi la gari dogo lina baa 2 na kitu hivi. Mtutu wa mzee haukupimwa kwa mzigo huo. Ile mitutu ya zamani zaidi, yenye michirizi kama chuma kilichosukwa, ndiyo msiiguse kabisa na risasi za kisasa mpaka fundi aione.

Wenye bunduki mpya angalieni ubavuni mwa mtutu, pameandikwa 12/70 au 12/76, yaani geji na urefu wa chemba kwa milimita. Ya 76 inakula ya 70. Kinyume chake hapana.

Zile za njano ndizo zilizonikosesha usingizi. Ni geji 20, na viwanda vingi huzitia njano makusudi ili zisichanganywe. Ukiiweka kwenye geji 12, inateleza na kukwama mbele ya chemba. Unafyatua, kimya. Unafungua, unaona patupu, unadhani hukuweka kitu, unaweka ya 12 nyuma yake. Mtutu unapasuka pale pale mkono wa kushoto unaposhika.

Kwa hiyo nunueni risasi ndani ya boksi lake, zenye maandishi yanayosomeka, na mkumbuke kipimo cha chemba yenu kabla ya kuingia dukani. Mwenye risasi zilizofutika asizijaribu "moja tu" kama mimi, wala asizitupe jalalani watoto wakaziokota. Azipeleke kituo cha polisi. Zangu 24 nilizikabidhi Jumatatu.

Siku niliponunua, mfuko ule chini ya kaunta ulikuwa bado umejaa zaidi ya nusu. Kuna wenzetu wamezibeba.