Bia nyeusi ya moshi: uanze na chupa ipi?

Kama umewahi kunywa mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, iliyokaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa, bia hizi hazitakushtua. Anayeteseka ni yule anayeinua glasi akitarajia pilsner.

Moshi wenyewe unatoka kwenye kimea. Zamani shayiri iliyochipuzwa ilikaushwa juu ya moto wa kuni, na bia nyingi zilinuka moshi, upende usipende. Zilipokuja tanuri za hewa moto, watengenezaji wengi waliachana na kuni. Bamberg, kusini mwa Ujerumani, kuna waliokataa. Hapa chini nimezipanga bia za moshi nikimfikiria mtu anayenunua chupa moja tu, si kreti.

1. Schlenkerla Märzen, ya kiwanda cha Schlenkerla cha Bamberg, kileo asilimia 5.1. Kimea chake hukaushwa kwa moshi wa kuni za mti wa biichi, na bia hutoka na rangi ya kahawia iliyokolea, yenye wekundu ukiielekeza kwenye taa. Pua hukutana kwanza na harufu ya nyama iliyokaushwa kwa moshi (hapana, hakuna nyama ndani, kila mgeni huuliza). Wenyeji husema utaanza kuipenda ukifika glasi ya tatu. Mimi nilichelewa zaidi, kwa kosa langu mwenyewe: ya kwanza niliinywa ikiwa baridi kama barafu, nikaambulia ladha ya majivu tu. Itoe kwenye friji robo saa kabla ya kuinywa, utamu wa kimea upate kujitokeza. Nimeipa nafasi ya kwanza kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa urahisi Ulaya, na ukishaionja utajua kama moshi ni wako au si wako.

2. Alaskan Smoked Porter, asilimia 6.5. Hii ndiyo nyeusi hasa. Inatengenezwa Juneau, Alaska, tangu 1988, na kimea hufukizwa kwa kuni za mti wa alda, zile zile wanazokaushia samaki aina ya samoni. Za Bamberg nyingi ni laga, bia zinazochachuka kwenye baridi. Hii ni porta, bia ya hamira inayochachuka kwenye joto zaidi, na kimea chake kilichokaangwa sana ndicho kinacholeta chokoleti na kahawa nyuma ya moshi. Tazama mwaka kwenye chupa. Bia nyingi huharibika zikikaa, lakini hii wapenzi wake huiweka kabatini miaka kadhaa, moshi ukilainika taratibu. Ukizikuta mbili za miaka tofauti, chukua zote. Walio nje ya Marekani watahangaika kuipata, la sivyo ningeiweka juu.

3. Schlenkerla Urbock, asilimia 6.5. Ni ndugu wa ile ya kwanza, mzito zaidi, na hutoka kuanzia Oktoba. Iache kwa siku ya mbuzi choma. Ipo pia Eiche ya Krismasi, ya moshi wa mwaloni, asilimia 8. Hiyo gawaneni wawili.

4. Spezial Rauchbier. Kiwanda cha tangu 1536, nacho kinajikaushia kimea chake. Rangi yake ni ya kaharabu, si nyeusi, na moshi wake ni mwepesi, kama wa jiko lililozimwa jana. Imekuwa ya mwisho kwa sababu ni nadra kuikuta nje ya Bamberg. Ukipita mji huo, pindua orodha hii na uanze nayo.