TAHADHARI: muuza spreyi ya kuchelewa kumaliza, Kariakoo

Wanaume wenzangu, yule jamaa wa Kariakoo anayetangaza spreyi ya kuchelewa kumaliza asiwalie hela kama alivyonilia mimi.

Hakuapa wala hakuleta habari za mizizi. Yuko ndani ya koti jeupe, ananiuliza kama nina presha, nina sukari. Nani asingemwamini? "Kaka, hii ni ganzi ya juu juu tu, hata madaktari wa meno wanaitumia." Na hapo hakudanganya, lidokaini, hiyo dawa ya ganzi, ni dawa ya kweli na hospitali huwapa wanaowahi kumaliza. Boksi linang'aa, limefungwa nailoni. Nikalipa 35,000 kwa simu. Akanisindikiza hadi mlangoni akisisitiza: "Piga nyingi, usifute, na kondomu achana nayo, inapunguza makali."

Mshenzi! Kwanza sikuhisi kitu kabisa, halafu pakaanza kuwaka kama pamepakwa pilipili. Mama watoto naye akapata ganzi, kisha akavimba, analia usiku kucha. Nampigia yule bwana, ananijibu bila haya: "Mwili wako tu haupatani nayo, njoo nikuuzie ya kutuliza." Aniuzie tena! Baadaye akanibloku.

Mfamasia alipogeuza lile boksi alitikisa kichwa. Jina la dawa iliyomo hakuna, kipimo hakuna, tarehe ya kuisha ni stika juu ya stika. Huyu mtu akamatwe, duka lifungwe, alipe matibabu ya kila aliyemuunguza! Anacheza na ndoa za watu.

Mfamasia anasema spreyi ya kweli inaandikwa kilichomo na kiasi cha kupiga, hupitishi hapo. Unasubiri ifanye kazi, unaiosha kabla ya tendo au unavaa kondomu, la sivyo ganzi inahamia kwa mwenzio. Yenye mafuta inaharibu kondomu za mpira. Palipochubuka usipake, na kama sindano ya ganzi ya jino iliwahi kukudhuru, usiiguse. Mke akiwa mjamzito, muulizeni daktari kwanza. Ukiona kizunguzungu, midomo kugeuka buluu au pumzi kubana, kimbia hospitali.

Lakini huyu mwizi hawezi kuachwa hivi hivi! Mwenye boksi lake, meseji zake au muamala wa malipo anitumie inboksi. Jumatatu napeleka vyote TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kisha polisi.