Foku ya milimita ngapi? Mwongozo kwa anayenunua baiskeli ya vijia vya mlimani

Wenzangu wanaotaka baiskeli ya mlimani huniuliza habari za gia na breki, lakini swali linalorudi kila mara ni hili: ninunue foku, yaani uma wa mbele unaoshika gurudumu na kuzama ukigonga jiwe, inayozama milimita ngapi? Wengi huja na jibu lao tayari, kwamba iliyo ndefu ndiyo bora. Nami nililiamini jibu hilo, na lilinigharimu fremu nzima.

Ilikuwa baiskeli ya alumini isiyo na shokapu ya nyuma, iliyotoka kiwandani na foku ya milimita 100. Nikapata foku ya mtumba ya milimita 150, ya upepo (inayotumia hewa badala ya springi), mabomba yanang'aa kama kioo. Nikaifunga. Wiki za mwanzo nilishuka milima kwa raha ambayo sikuwahi kuijua. Ila kwenye kupanda, barabara ya kuelekea Ilboru pale Arusha, gurudumu la mbele lilikuwa jepesi, linatangatanga kushoto na kulia kila nikikanyaga kwa nguvu. Nilivumilia. Miezi michache baadaye, nikiwa naosha tope, kidole changu kikapita juu ya mstari mwembamba kama unywele chini ya kichwa cha fremu, pale bomba la chini lilipochomelewa. Nilidhani ni mkwaruzo wa rangi. Nikakwangua kwa ukucha, rangi ikabanduka, na mstari ukabaki kwenye alumini yenyewe.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Foku inakaa kama mtaimbo uliochomekwa kwenye kichwa cha fremu, na kila jiwe unalogonga linakikongoa kichwa hicho. Ukirefusha mtaimbo, nguvu ya kukongoa inaongezeka. Isitoshe, umbo lote la baiskeli linabadilika. Kwa makadirio yanayotumiwa na mafundi wengi, kila milimita 20 za ziada zinailaza foku nyuma karibu digrii 1 na kuinua ekseli ya pedali kama milimita 7. Mimi niliongeza 50. Maana yake foku ililala digrii 2 na nusu zaidi, na kiti nacho kikalala kwa kiasi hichohicho, nikawa nakanyaga pedali nikiwa nyuma yake badala ya juu yake. Si ajabu gurudumu la mbele lilielea.

Kwa hiyo, kabla hujauliza bei, tafuta namba moja: urefu mkubwa kabisa wa foku ambao mtengenezaji wa fremu yako ameuruhusu. Iko kwenye kitabu cha baiskeli au kwenye tovuti ya kampuni. Fremu nyingi zinavumilia milimita 10 juu ya ile iliyokuja nayo, baadhi 20. Usipoipata namba hiyo, baki na urefu uleule uliotoka kiwandani. Nafasi ninazozipanga hapa chini ni kwa anayenunua baiskeli nzima, au foku inayokubaliwa na fremu yake.

Nafasi ya kwanza: milimita 130 hadi 140

Kama una baiskeli moja tu, na baiskeli hiyo ndiyo ipande asubuhi, ishuke mchana, na ikupeleke kwa rafiki jioni, nunua hapa. Hata makampuni makubwa yanakaa hapa kwa baiskeli zao za vijia. Santa Cruz Tallboy ya matoleo ya karibuni ina 130 mbele na 120 nyuma. Specialized Stumpjumper iliyotoka kwa mwaka 2021 ilikuwa na 140 mbele na 130 nyuma.

Urefu huu unakupa nafasi ya kukosea. Ukishuka ukingo wa Usambara, mawe yamekaa kama ngazi zilizobomoka na mizizi imelowa. Gurudumu likiangukia shimo usiloliona, foku ya 100 inagonga mwisho na mikono inapokea kipigo chote. Ya 140 bado ina akiba. Na kwenye kupanda haijawa ndefu kiasi cha kukusumbua, mradi umeijaza upepo wa kukutosha.

Hapo kwenye upepo ndipo watu wengi wanapoipoteza foku nzuri. Fanya hivi. Kwenye bomba la foku linalong'aa utaona mpira mwembamba mweusi uliolizunguka. Kama haupo, funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya, isikaze sana. Vaa kila kitu unachovaa safarini, begi la maji likiwa limejaa. Egemea ukuta kwa kiwiko, panda taratibu bila kurusharusha, simama kwenye pedali. Sukuma mpira hadi uguse sili (raba ya kuzuia vumbi pale bomba linapozamia), kisha shuka polepole. Sasa pima umbali kutoka kwenye sili hadi kwenye mpira. Foku ya 140 iwe imezama kama milimita 28, yaani asilimia 20. Ikizama 45, umebeba milimita 140 ulizolipia lakini unaendesha chini ya 100. Ikizama 10, umenunua gogo. Nimewahi kumpimia mwenzangu aliyekuwa tayari kuiuza foku yake kwa sababu "ngumu kama ya bodaboda". Tulitoa upepo kidogo tu, na bado anaiendesha.

Nafasi ya pili: milimita 120

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote mwenye baiskeli isiyo na shokapu nyuma, na kwa vijia vyetu vingi inatosha kabisa. Msitu wa Karura jijini Nairobi, vijia vya mashamba ya kahawa, barabara za changarawe za Hell's Gate kule Naivasha: hakuna hata mahali pamoja panapodai zaidi. Baiskeli ya namna hiyo ikibebeshwa 140, mbele inazama sana kwenye breki na nyuma haizami kabisa, hivyo umbo la baiskeli linabadilika kila sekunde. Na 120 ina utulivu wake.

Ningeiweka ya kwanza kama wanunuzi wote wangekuwa wa mjini. Na hapa nina jambo ninalolishikilia kwa nguvu: 120 nzuri inaishinda 140 mbovu kila siku ya juma. Milimita zinaeleza foku inazama mpaka wapi, hazielezi inarudi vipi. Foku ya springi ya bei ya chini, isiyo na mafuta ya kutuliza mrudisho, ikishagonga jiwe inakurushia usukani usoni. Dukani ibonyeze mpaka chini kisha uiachie ghafla. Ikiruka na kuinua gurudumu kutoka sakafuni, na hakuna kitufe cha kupunguza kasi hiyo, rudisha pesa mfukoni. Tazama pia unene wa mabomba. Kampuni ya foku ya Fox hutaja unene huo kwenye jina lenyewe: 34, 36, 38 ni milimita za bomba. Kwa kampuni ya RockShox, foku za Pike na Lyrik zina 35, Zeb ina 38. Bomba la 28 au 30 la foku inayozama sana litapinda ukifunga breki kwenye kona, hata likiwa jipya.

Nafasi ya tatu: milimita 150

Nzuri mno, kwa mtu sahihi. Santa Cruz Hightower ya kizazi cha tatu ilitoka na 150 mbele, na Trek Fuel EX ya kizazi cha sita vilevile. Inunue ikiwa baiskeli ina shokapu ya nyuma inayoikaribia foku kwa milimita, na ikiwa unakwenda mlimani hasa kwa ajili ya kushuka. Kwa mkazi wa Lushoto, kule milima ya Usambara, ningeipandisha nafasi ya pili bila kusita. Kwa anayekanyaga kilomita 15 za lami kabla ya kuukuta mwamba wa kwanza, uzito wake utamchosha bure.

Nafasi ya nne: milimita 100

Ni ya mbio na barabara za vumbi. Haina ubaya wowote, na kwa anayeanza na bajeti ndogo ni mwanzo mwema. RS-1, foku ya kwanza ya RockShox iliyotoka mwaka 1989, ilizama chini ya milimita 50, na mwaka uliofuata Greg Herbold alitwaa nayo ubingwa wa dunia wa kushuka mlima kule Durango, Colorado. Ila akili yake na mikono yake haviuzwi na foku.

Nafasi ya mwisho: 160 na kuendelea

Kwa vijia vya kawaida, hapana. Ni za mashindano ya miteremko mikali, na zile za 200 ni za watu wanaopandishwa kileleni kwa gari.

Ukishachagua urefu, bado kuna vipimo vinavyowaliza wanunuzi wa mtumba kuliko milimita. Pima bomba la usukani, lile la foku linaloingia ndani ya kichwa cha fremu: foku nyingi za mtumba limeshakatwa, na likiwa fupi kuliko kichwa cha fremu yako hakuna fundi atakayelirefusha. Tazama kama ni la kunyooka, inchi 1⅛ juu hadi chini, au linalonenepa hadi inchi 1.5, fremu ya zamani ya kunyooka hailipokei la kunenepa. Hakikisha ekseli ya gurudumu inalingana na habu yako (kitovu cha gurudumu), kwani milimita 15 za unene kwa 100 za upana na 15 kwa 110 hazibadilishani. Foku ya gurudumu la inchi 27.5 usiifunge gurudumu la 29, tairi litasugua juu foku ikizama. Pitisha ukucha taratibu kwenye mabomba yote mawili, kutoka juu hadi kwenye sili. Ukucha ukinasa popote, mchanga umeshapita hapo na mafuta yatavuja.

Uliza pia mara ya mwisho ilifunguliwa lini. RockShox wanataka miguu ya chini, yaani sehemu ya foku ambamo mabomba yanazamia, ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Kwenye vumbi jekundu la kiangazi mimi hufungua mapema zaidi. Muuzaji akikuambia haijawahi kufunguliwa, weka gharama ya sili na fundi kwenye bei mnayojadiliana.

Na pampu. Ya tairi haifai kwa foku ya upepo, hewa inayoingia kila ukibonyeza ni nyingi mno na huwezi kupima sawasawa. Inatakiwa pampu ndogo ya shokapu, yenye mpira mwembamba na saa yake ya kupimia upepo. Wauzaji wengi wanayo droo ya chini, kwa hiyo iombe kabla hujatoa pesa.