Mafuta ya kujipaka: geuza kopo kabla ya kunusa

Ya mbele ni maneno ya muuzaji. Bidhaa yenyewe iko nyuma, kwenye maandishi madogo. Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, ila vilivyo chini ya asilimia 1 mtengenezaji huvipanga apendavyo. Kwa hiyo parachichi lililochorwa mbele kwa mbwembwe, likitajwa nyuma ya manukato, jua limepita tu hapo kusalimia.

Ngozi iliyopauka inataka kitu cha kuvuta maji na kitu cha kuyazuia yasitoroke. Nimezipanga bidhaa hizi kwa kigezo hicho, bora ikitangulia.

1. Krimu nzito yenye "glycerin" na "petrolatum". Zitafute ndani ya majina matano ya mwanzo, baada ya "aqua", yaani maji. Gliserini hushika maji, petrolatamu, yaani mafuta ya mgando, huyafunika. Gliserini tupu isiyochanganywa siipendekezi: inanata, na hewa ikiwa kavu inaweza kuvuta maji kutoka tabaka za chini za ngozi. Humo utakuta pia kihifadhi, mara nyingi "phenoxyethanol", na watu hukimbia wakiona jina hilo. Penye maji huota bakteria na ukungu, basi krimu ya maji isiyo na kihifadhi ndiyo ya kuogopa. Umoja wa Ulaya unaruhusu "phenoxyethanol" isizidi asilimia 1.

2. Mafuta ya mgando. Robert Chesebrough aliyasajili Marekani mwaka 1872, na mpaka leo ni vigumu kupata kinachozuia maji kutoka kwenye ngozi kuyashinda. Lakini yenyewe hayana maji. Miaka mingi nilijipaka mchana, ngozi ikiwa kavu kabisa. Nang'aa kama sufuria mpya huku ngozi inabana kwa chini. Jipake ukitoka kuoga, mwili ukiwa bado na unyevunyevu, na kiasi kidogo tu, la sivyo shuka zitakusimulia. Nimeyaweka ya pili kwa sababu ya kunata tu; kwa mwenye bajeti ndogo ni ya kwanza.

3. Krimu ya urea. Hii ni ya magaga. Asilimia 5 hadi 10 hulainisha. Kuanzia 20 hivi huanza kulegeza ngozi ngumu iliyokufa, kwa hiyo iishie visiginoni, usoni isifike. Ufa wa kisigino ukiwa mbichi, subiri upone kwanza. Itakuchoma.

4. Siagi ya shea na mafuta ya nazi. Hulainisha vizuri, ila hayazuii maji kama ya mgando. Shea ikikaa sana huchacha, harufu itakwambia. Mafuta ya nazi, kwa uso wenye chunusi, hapana.

5. Losheni nyepesi ya pampu. Sehemu kubwa ni maji, na maji hayo hukauka. Kwa ngozi isiyo na shida, sawa.

6. Krimu ya kolajeni. Molekuli ya kolajeni ni kubwa mno kupenya ngozi isiyo na jeraha. Inabaki juu ikilainisha, kazi ambayo gliserini huifanya kwa bei ndogo zaidi.

Kama ngozi yako ni ya kuwasha upesi, chagua isiyo na "parfum", yaani manukato, kwenye orodha, kisha jaribu tone moja ndani ya kiwiko kwa siku kadhaa kabla ya kujipaka mwili mzima.