Chujio zuri, klipu za ovyo

Chujio hili la nje la tangi la samaki limeandikwa lita 1,000 kwa saa. Ukishalijaza sifongo kasi hupungua, na afadhali: kwenye tangi langu la lita 120, siku ya kwanza samaki walipeperushwa kama karatasi. Kosa langu lilikuwa kuelekeza juu bomba la matundu linalorudisha maji tangini. Maji yakawa yanatibuka usoni, hewa ya ukaa inayolisha mimea ikatoroka yote, kichupa cha kuipimia kikabaki buluu kutwa (yaani hewa hiyo ni haba; ikitosha huwa kijani) huku mwani ukitambaa kwenye majani. Nikalishusha bomba sentimita mbili chini ya maji. Kesho yake kichupa kijani, mimea inatoa vipovu! Usiku nalinyanyua tena, samaki wapumue. Kelele hakuna. Ila klipu zake, mh, moja imeshakatika.