Natafuta ukoo wa wakulima Waswisi wa Pennsylvania, na FamilySearch imenisaidia sana

Jamani mume wangu ni wa ukoo wa wakulima wa Lancaster County, Pennsylvania, wazee wao walitoka Uswisi mwanzoni mwa miaka ya 1700, na baba mkwe ana miaka 84 sasa, hamu yake ni moja tu, kujua yule babu wa kwanza alitoka kijiji gani.

Mwanzo tulilipa kampuni moja, jina naliacha, watutengenezee mti wa ukoo. Ukaja mti wa kupendeza kabisa, kumbe wametubandikia mzee wa watu mwenye jina kama la babu yetu, maana enzi zile kila nyumba ina Hans, ina Jakob, ina Christian. Baba alinyong'onyea sana siku ile.

Ndo nikahamia FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo. Ni bure, unafungua akaunti tu unasoma picha za karatasi zenyewe, na kwa ukoo huu karatasi ndo kila kitu. Hawa walikuwa Wamenoni, dhehebu la Kikristo ambalo hawabatizi watoto wachanga, kwa hiyo rekodi ya ubatizo usiitegemee, na sensa za Marekani kuanzia 1790 mpaka 1840 zinataja jina la mkuu wa kaya tu, mke na watoto wamehesabiwa bila majina, mpaka ufike 1850. Zinabaki wosia na hati za mashamba. Usiku mmoja nafungua ukurasa baada ya ukurasa, saa nane hiyo, nikakuta wosia, juu karani kaandika Good kwa Kiingereza, chini kwenye saini ni Guth, jina lile lile kwa Kijerumani. Karatasi moja! Asubuhi nikamwambia baba njoo uone, akaweka kidole kwenye skrini akawa anafuatisha zile herufi taratibu, hakusema neno muda mrefu.

Sasa, inataka moyo. Usitafute kwa tahajia moja, Huber kawa Hoover, Zimmermann kuna waliogeuka Carpenter. Picha nyingi hazitokei ukiandika jina, lazima upekue mwenyewe, na nyingine zinafunguka ukiwa kwenye vituo vya FamilySearch tu. Ule mti wa ukoo wa pamoja ulioko FamilySearch yeyote anaweza kuubadilisha, kwa hiyo usichukue kitu ambacho hakina karatasi. Na orodha za meli za Philadelphia zinaanzia 1727, kama wenu walikuja na lile kundi la Wamenoni waliohamia Pequea, hapo hapo Lancaster, mwaka 1710, humo hamtawakuta.

Mimi nawapa nyota nne. Kilichobaki ni upande wa Uswisi, kule kila ukoo una mji wake wa asili ulioandikwa rasmi hata kama watu walishahama zamani, na vitabu vya kanisa vya Bern vipo mtandaoni, ila mwandiko wa Kijerumani wa zamani ni mgumu jamani, kama kuna mtu anaujua naomba anielekeze nianzie wapi kujifunza, baba anauliza kila Jumapili.