Kabla ya Kukata Tiketi ya Ndege, Soma Herufi Tatu

Niliuziwa safari ya New York ya "kuunganisha London, kungoja saa tatu na nusu". Nikasema poa, nitakunywa chai ninyooshe miguu. Nimeshashuka Heathrow ndipo naitazama tiketi vizuri: ndege ya pili inaondokea Gatwick. Uwanja mwingine kabisa, nje ya jiji upande wa kusini, saa nzima kwa basi kama barabara haina foleni. Na hapo bado uhamiaji, bado kungoja begi, bado kukaguliwa upya. Nilifika dirishani usajili umefungwa. Nikampigia aliyeniuzia: "Lakini dada, iliandikwa." Kweli, iliandikwa. LGW, herufi tatu za kuutambulisha uwanja wa Gatwick, kwa maandishi ya kusomea darubini.

Kwa hiyo viti na chakula waulizeni wengine. Mimi nina moja tu: tiketi huuzwa kwa jina la mji, lakini ndege hutua uwanjani. Ukitafuta LON, yaani London yote, unaletewa Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton na City, vyote kapu moja. NYC ni JFK, LaGuardia na Newark, na hiyo Newark iko New Jersey, jimbo jingine. Tokyo, Haneda ni karibu na mjini. Narita ni kilomita kama 60. Halafu kuhama uwanja ni kuingia nchini, kwa hiyo viza iangalie mapema.

Chaguo la kwanza ni ndege isiyosimama. Heathrow hadi JFK ni kilomita kama 5,540: kwenda New York saa nane hivi, kurudi karibu saba, kwa kuwa upepo wa juu huvuma kutoka magharibi. Februari 2020 ndege ya British Airways ilisukumwa na upepo huo ikavuka kwa chini ya saa tano. Basi usilinganishe muda wa kwenda wa shirika hili na wa kurudi wa lile. Na "moja kwa moja" isikudanganye. Ndege yenye namba ileile inaweza kutua njiani.

La pili, kuunganisha ndani ya uwanja mmoja kwa tiketi moja. Hapa sijifichi, mimi ni mtu wa Singapore Airlines. Ukishafika Changi, uwanja wa Singapore, hakuna wa kukutuma uwanja wa upande wa pili wa mji. Ila hata wao huenda JFK na Newark, zaidi ya kilomita 15,300, saa 18 hivi angani. Soma herufi.

La mwisho ni tiketi mbili za bei chee zilizoshonwa na muuzaji. Ukikosa ya pili, imekula kwako.

Kinachoniudhi ni kwamba ada ya begi na ya kuchagua kiti huandikwa kwa herufi nene zenye rangi. Kuhama uwanja? Kijivu, chini kabisa. Nilipodai fedha zangu nilirudishiwa kodi ya uwanja peke yake. Ya Gatwick.